Muvi za 2018: ukiwa na usiku mmoja tu, Capernaum au Roma? (na zile nane zingine)

Juzi tukiwa ndani ya feri tunavuka Likoni rafiki yangu akaniuliza, wewe mtu wa muvi, ukiambiwa uchague mwaka mmoja tu urudie muvi zake zote utachagua upi, na jibu lilikuwa mdomoni tayari, 2018. Takataka zilikuwepo mwaka ule pia, lakini tulipata vitu vizito kutoka kila upande, Marekani, India, Meksiko, Lebanon, na hapa kwetu Kenya, na nyingi nimezirudia mara tatu mara nne na hazijanichosha. Akasema basi nipangie, nianze na ipi. Nkamwambia hilo halijibiki kabla meli haijafika ng'ambo, ntakuandikia. Ndo hii sasa.

Mpangilio wangu wa leo (maana umeshabadilika mara moja, ntaeleza) uko hivi: ya kwanza Capernaum, ya pili Andhadhun, ya tatu Supa Modo, ya nne Roma, ya tano Black Panther, alafu Tumbbad, Spider-Man: Into the Spider-Verse, Avengers: Infinity War, A Quiet Place, na ya kumi Padmaavat. Lakini mpangilio peke yake haukusaidii kitu kama hujui unaangalia na nani na kwa skrini gani. Hiyo ya kumi, ukiwa umekaa na kina mama sebuleni siku ya Idi baada ya biriani, itawapendeza kuliko hiyo ya kwanza. Kwa hivyo ntazilinganisha mbili mbili, vile watu hubishana barazani.

Na kabla hujaniuliza, Rafiki ya Wanuri Kahiu haipo hapo. Ndo muvi ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la filamu la Cannes, ikapigwa marufuku hapa nyumbani Aprili, mahakama ikaifungulia siku 7 mwezi wa Septemba, na hizo siku saba zilinipita. Nimeona vipande tu, na vipande siwezi kuvipanga.

Haya, zile za ubishi kwanza. Black Panther na Infinity War. Zote za Marvel, zimepishana kama miezi miwili, moja Februari nyingine mwisho wa Aprili, moja ni ya 18 kwenye ule mfululizo wao na nyingine ni ya 19. Kwa pesa Infinity War imeshinda, ilipita dola bilioni 2, mwenzake bilioni 1.3 na kitu. Kwa wingi wa mastaa pia imeshinda. Shida yake ni kwamba ni kama kuingia harusini siku ya kupamba wakati siku zote za nyuma hukuwepo, unaona watu wanalia na wanakumbatiana na hujui nani ni wa kwa bibi harusi nani wa kwa bwana. Kama hujaziona zile za nyuma usianze nayo, utapoteza dakika 149 zako. Kama umeziona, ule mwisho wake ni mwisho mzito kuliko wote walioufanya hao watu, steringi wameshindwa na taa zinawashwa mnaangaliana tu.

Black Panther unaingia hujui chochote na unatoka umeshiba. Niliiona Nyali wiki za mwanzo, joto la kaskazi lile la Februari, watu wamekuja na vitenge na kofia zao, na kila Lupita akitokea kulikuwa na makelele kama mpira. Lakini ninachokumbuka zaidi ni kimya. Mie nimekulia Kisauni, napita Kengeleni kila siku ya Mungu, na ile kengele iliyopaita pale jina ni ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu hatari ikija. Sasa Killmonger, yule adui wa mfalme, anapokaribia kufa akataja mababu walioruka baharini kutoka kwenye meli kwa kuona kifo ni afadhali kuliko minyororo, ukumbi mzima ulinyamaza, hata watoto. Thanos, adui wa Infinity War, naye ana hoja yake, viumbe ni wengi chakula ni kidogo, lakini ni hoja ya mtu wa mbali. Ya Killmonger ni ya nyumbani, inauliza mlikuwa wapi sisi tukiuzwa, na mpaka muvi inaisha hakuna aliyemjibu vizuri, mfalme mwenyewe inabidi abadilike. Ndo maana naiweka juu ya Infinity War bila wasiwasi. Nguo za Ruth E. Carter zilichukua Oscar, muziki wa Ludwig Göransson pia, na sauti ya Baaba Maal wa Senegal ikiingia pale ndege inashuka Wakanda, ile nchi ya mfalme wa muvi, mwili unasisimka. Kwa nini basi ni ya tano? Lile pigano la mwisho chini ya ardhi, jamani, paka wawili wa kompyuta wanarukiana gizani, kazi nzuri yote ile ikaishia kwa kitu kama gemu. Na tangu Chadwick Boseman afariki Agosti 2020 kuna sini mie siwezi kuziangalia bila kusimamisha, zile anazokutana na babake kule kwa wazee waliotangulia.

Muvi za Kihindi sasa. Mombasa na muvi za Kihindi ni ndoa ya zamani, tangu enzi za majumba ya sinema ya Majestic na Regal na Naaz, mamangu hajui Kihindi cha kuagizia hata chai lakini anajua kabla ya wimbo kuanza kama ni wa furaha au wa msiba. Kwa hivyo nimezipima hizi mbili kwake, Padmaavat na Andhadhun, na matokeo yalinishangaza.

Padmaavat ya Sanjay Leela Bhansali ni dakika 163 za dhahabu, mishumaa na nguo. Nyie mnaoshona, mnaopamba maharusi, iangalieni hii hata bila sauti, ile ngoma ya Ghoomar anayoicheza Deepika ukiisimamisha popote ni picha ya kutundika ukutani. Ranveer Singh kama Alauddin Khilji anaimeza muvi nzima, ukimtoa yeye hubaki na kitu. Ila hapo hapo ndo nnapogombana nayo. Huyo Khilji alikuwa sultani wa Delhi kweli, amekufa 1316, mtu aliyekuwa na utawala na masoko na kodi, na stori ya malkia Padmavati imetoka kwenye shairi la Malik Muhammad Jayasi la 1540, zaidi ya miaka 200 baadaye, alafu muvi inamtoa kama mnyama, anararua nyama kwa meno, macho yamepakwa wanja, huku mfalme wa upande wa pili ni mwema mpaka anachosha. Mamangu aliangalia mpaka mwisho, ule mwisho wa moto, akainuka akasema mapambo mazuri, roho mbaya. Sina la kuongeza.

Andhadhun niliogopa kumwekea kwa sababu haina nyimbo za kucheza, ni ya Sriram Raghavan, mwanamuziki wa piano anajifanya kipofu kwa sababu zake mwenyewe, siku moja anaitwa nyumba ya mtu kupiga piano akiwa ndani anakuta kitu ambacho kipofu hapaswi kukiona. Sisemi zaidi ya hapo. Hiyo sini ya kwanza pale nyumbani, piano inaendelea kupigwa huku mambo yanaendeshwa kimya kimya nyuma yake, mamangu aliweka chini sahani ya viazi karai na hakuishika tena mpaka mwisho. Yule mwigizaji wa kike anayeitwa Tabu ndo mwalimu humo ndani. Unamwogopa, unamcheka, unamwonea huruma, yote ndani ya dakika moja. Ayushmann Khurrana alipata tuzo ya taifa ya India kwa hii, na muvi yenyewe ikapata ya muvi bora ya Kihindi. Uzuri wake mwingine ni kwamba haikuhukumii, kila mtu ndani ni mwongo kidogo, na ule mwisho utawagawa nyumba nzima, mimi na mamangu mpaka leo hatujakubaliana kama alichosema yule kijana mwisho ni kweli au la, yeye anasema uongo mtupu, angalia fimbo yake kwenye mkebe. Ukiona utaelewa. Kwa hiyo ukiwa na wazee na vijana pamoja na unataka wote wakae mpaka mwisho, Andhadhun, usifikirie nyingine.

Za kutisha ntapita haraka. A Quiet Place ni dakika 90, imeshikana, familia inaishi bila kutoa sauti kwa sababu viumbe wanasikia kila kitu, na yule binti Millicent Simmonds ni kiziwi kweli, kwa hivyo ile lugha ya ishara ina uzito wake. Lakini inataka kimya, na Mombasa kimya unakipata wapi, feni inapiga kelele, tuktuk nje, jirani kafungulia redio. Iangalie na hedifoni au iache. Tumbbad kwa upande wake ni yetu kabisa ingawa ni ya India, mvua haiishi, jumba bovu, bibi kizee amefungwa minyororo, na hazina ya dhahabu inayolindwa na kiumbe mwenye njaa ambaye hatajwi jina ovyo. Sisi tuliolelewa na hadithi za majini na mali za kichawi, mali inayotaka kulipwa na damu ya nyumba yako, hatuhitaji kuelezwa. Waliitengeneza kwa miaka mingi, wakapiga picha wakarudia upya, na kila shilingi inaonekana. Ilipotoka haikutazamwa sana, wakairudisha majumba ya sinema 2024 ikauza kuliko mara ya kwanza. Kati ya hizo mbili, Tumbbad, ila watoto walale kwanza.

Na watoto wenyewe je? Hapa watu watakwambia Spider-Verse na mie sikatai, ile katuni imechorwa vile hakuna aliyewahi kuchora, karatasi ya komiki inatembea, na Miles, huyo Spider-Man mwenyewe, ni kijana mweusi mwenye mama na baba wanaomfokea kwa mapenzi kama wazazi wetu. Ilichukua Oscar ya katuni na ilistahili. Ila itafutie tivii nzuri, kwa simu rangi zote zile zinakuwa fujo.

Supa Modo haihitaji tivii nzuri. Ni ya Likarion Wainaina, dakika 74 tu, ilianzia tamasha la Berlin, na Kenya ikaipeleka kugombea Oscar. Msichana mdogo Jo ni mgonjwa wa kufa, mamake anamtoa hospitali anamrudisha kijijini aishie siku zake nyumbani, na huyu mtoto anaamini yeye ni supahiro kwa sababu maisha yake yote ni muvi, anamjua Jackie Chan kuliko majirani. Basi dadake Mwix na Mike, yule mtu wa muvi za pale kijijini, wanakigeuza kijiji kizima kuwa muvi yake. Nilipoiona mara ya kwanza nlikumbuka vibanda vya video vya Bombolulu na Majengo, mabenchi ya mbao, jasho, vumbi linacheza kwenye mwanga, DJ anatafsiri kung'fu na anaongeza maneno yake, na sisi wadogo mbele kabisa chini tumekunja miguu. Hakuna muvi nyingine ninayoijua iliyoonyesha mapenzi yale ya muvi ya mtoto wa Kenya bila kuyafanya ya maskini wa kuhurumiwa. Stycie Waweru aliyecheza Jo, na Marrianne Nungo kama mama, wanaongea Kiswahili cha watu, sio cha kusoma karatasi. Nikizilinganisha, Spider-Verse inamwambia mtoto yeyote anaweza kuvaa ile barakoa, Supa Modo inauliza watu wazima watafanya nini mtoto akishaivaa na siku zake zinahesabika. Naipa ya pili hiyo alama zaidi. Lakini kuwa mkweli na watoto wako, kama nyumba imefiwa karibuni, subiri.

Nimekuja sasa kwenye zile mbili zilizonifanya nibadilishe mpangilio.

Roma ilikuwa yangu ya kwanza kwa miaka. Alfonso Cuarón, nyeusi na nyeupe, dakika 135, mtaa wa Roma jiji la Meksiko mwaka 1970 na 1971, na tunamfuata Cleo, msichana wa kazi. Cuarón aliitengeneza kwa kumbukumbu za msichana wa kazi aliyemlea yeye mwenyewe, kamera akaishika mwenyewe, akapata Oscar ya udairekta na ya upigaji picha, na ya tatu ikaenda kwa muvi yenyewe, ya kwanza ya Meksiko kushinda upande ule wa lugha za kigeni. Yalitza Aparicio aliyecheza Cleo hajawahi kuwa akta kabla ya hapo, alikuwa amesomea ualimu wa watoto wadogo. Inaanza na maji ya sabuni yanamwagwa sakafuni na ndani ya yale maji unaona ndege inapita angani, na mtu mwenye haraka atasema hii nini, lakini tulia, ni muvi ya kukaa nayo kama unavyokaa ufukweni maji yakijaa. Hainogi kwa simu. Kuna sini ya bahari mbele huko, mawimbi makubwa, sauti inakuzunguka, mie nimekua na bahari hii ya Nyali na najua mkondo unavyovuta, sikuweza kupumua.

Capernaum nlikuwa nimeiweka ya nne. Ya Nadine Labaki, ilipata tuzo ya majaji Cannes 2018, alafu kule Oscar ikashindwa na hiyo hiyo Roma. Zain, mtoto wa kama miaka 12, hata tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani kwa sababu hana cheti, amefungwa Beirut na anawashtaki wazazi wake kwa kumzaa. Alikimbia nyumbani baada ya dadake mdogo kuozwa, akaokotwa na Rahil, mwanamke wa Kiethiopia anayefanya kazi na kibali kilichoisha, ana mtoto mchanga anamficha. Alafu siku moja Rahil harudi. Kijana anabaki na yule mtoto. Aliyecheza Zain ni mkimbizi wa Syria, anaitwa Zain kweli, mtaani alikuwa anaishi vile vile, na Labaki alipiga zaidi ya masaa 500 ya picha akiwasubiri watoto wawe watoto. Wakati ule nlisema nzuri lakini inalia sana, inakusukuma mgongoni ulie.

Basi mwaka juzi nkaiangalia tena na dadangu, mtoto wa mama mdogo, aliyefanya kazi za nyumba Lebanon miaka miwili. Hajawahi kutueleza mengi. Tulikaa na laptopu kwake chumbani, mahamri na mbaazi pembeni, na pale Rahil anapomficha mtoto kazini asionekane akasema simamisha. Akakaa. Alafu akaanza kunieleza yeye habari ya kafala, kwamba kibali chako kimefungwa kwa jina la mwajiri, pasipoti anayo yeye, ukitoka nyumba ile hata kama kosa ni lake wewe ndo unakuwa huna karatasi, na mtu asiyekuwa na karatasi haendi hospitali, haendi polisi, hapandi ndege. Nkamuuliza muvi imetia chumvi? Akasema imepunguza. Tukaendelea. Kuna pahali Zain anageuza kioo ili yeye na yule mdogo waone tivii ya jirani, sauti haisikiki kwa hivyo anatunga maneno ya zile katuni mwenyewe, na sisi wawili tukatazamana, ni DJ wa kibanda cha video yule, ni Bombolulu ile. Hapo ndo nlielewa nilichokuwa nakiita kulia sana si kulia, mtoto yule hana nafasi ya kulia, mwenye nafasi nlikuwa mimi.

Wiki iliyofuata nkamwekea Roma. Akaipenda, akaisifu zile picha, alafu akasema kitu ambacho sijaweza kukitoa kichwani: hiyo nyumba inaonekana vile mtoto wa tajiri anavyoikumbuka. Na ni kweli, tunamwona Cleo kwa mapenzi makubwa, lakini tunamwona, tunamwangalia akifua juu ya dari, akizima taa moja moja usiku, anachofikiria mwenyewe hatuambiwi. Capernaum kamera iko chini kwa urefu wa mtoto, vumbi linamwingia mtazamaji puani. Kwa ufundi Roma iko juu, simdanganyi mtu. Kwa kile muvi inachokubeba nacho ukiamka kesho yake, Capernaum. Kwa hivyo nikazigeuza.

Ukichagua kati yao: skrini kubwa, usiku tulivu, mtu mvumilivu wa kukaa naye, Roma. Laptopu, sabtaito, mtu wa nyumbani aliyewahi kwenda Uarabuni au anayepanga kwenda, Capernaum, na Kiarabu chake cha mtaani wazee wetu wengine watakidaka neno hapa neno pale.

Dadangu alizitaka zote mbili kwenye flashi akampelekea mamake Likoni. Baada ya siku mbili mama mdogo akanipigia simu. Mwanangu, hiyo ya Waarabu nimeiangalia nusu, nimeshindwa, mtoto wangu alikuwa huko na mimi huku napokea hela zake najenga. Lakini hiyo nyingine, ya yule msichana asiyejua kuogelea anaingia baharini kufuata watoto ambao si wake, hiyo nimeirudia mara mbili, hiyo ndo ya kwanza. Nkamwambia sawa mama, na mpangilio wangu nimeuacha vile ulivyo.